Bei ya Kupandisha Makaa Rugenge

Mwezi ule Mama alipokwenda Lemera kumuuguza dada yake hospitalini, mimi Sabine nilijipa cheo cha mama wa nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Jumamosi asubuhi nilifagia ua, nikaosha vyombo, nikachambua maharage, kisha nikazungukazunguka na funguo kiunoni nikiwafokea kuku. Hawakunisikiliza, lakini nilijisikia mtu mkubwa.

Baba yangu, Félicien, ni motari, yaani hubeba abiria kwa pikipiki hapa Uvira. Mchana hurudi nyumbani kula, na akila husimulia. Kila siku kisa ni kilekile: mteja.

"Namuuliza, 'Unatoa ngapi?' Yeye anasema, 'Twende tu, tutaelewana.' Tukifika mbele ya nyumba yake, ananitupia nusu ya bei! Nitabishana na nani? Yeye iko kwao, majirani wake wamejaa pale, minye niko peke yangu."

Husema hivyo akitafuna ndagala kwa hasira, mpaka unawahurumia samaki wenyewe. Mimi nilikuwa nikisikiliza sana. Tatizo ni kwamba nilisikiliza vibaya. Badala ya kumhurumia Baba, nilikuwa nikijifunza ujanja wa wale wateja.

Jumamosi hiyo makaa yalikuwa yameisha. Baba alinipa pesa za gunia moja, halafu akahesabu pembeni faranga elfu nne.

"Hizi ni za mtu atakayelibeba," akasema. "Kutoka sokoni mpaka hapa Rugenge, na hiki kilima chetu, ndiyo bei yake. Usizichanganye na zingine."

Sokoni nilichagua gunia lililoshiba, limefunikwa majani juu. Karibu na magunia walikaa wanawake wanaobeba mizigo, kila mmoja na kamba yake. Mmoja aliinuka kabla sijaita. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge cha njano kilichofifia, na mfuko mdogo mweusi wa plastiki ameuchomeka kiunoni.

"Unapeleka wapi, mutoto wangu?"

"Rugenge, mama."

"Iko juu ama chini?"

"Karibu tu hapo," nikajibu. Mungu anisamehe, nyumba yetu iko juu kabisa.

"Utanipa ngapi?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshajiandaa. "Twende tu, mama. Tutaelewana."

Alinitazama kidogo, akatabasamu. "Haya. Weye ni mutoto, hauwezi kunidanganya."

Wenzake wawili walimwinulia gunia mgongoni. Akapitisha kamba kwenye paji la uso, akainama, tukaondoka.

Njiani alinieleza, kwa pumzi za kukatika, kwamba anaitwa Consolate na ametoka Runingu, kijiji cha huko bondeni, alfajiri. Mtoto wake alikuwa na malaria tangu Alhamisi. Dawa alikuwa ameshainunua kwa pesa za mizigo miwili ya kwanza, ndiyo ile iliyokuwa kwenye mfuko mweusi.

"Huu muzigo wako ndio wa nauli," akasema. "Nikipata gari mapema, atameza kabla ya jioni."

Nilisikia vizuri. Siwezi kusimama mbele ya mtu yeyote nikasema sikusikia. Kilimani alipumzika mara mbili, akiegemeza gunia kwenye ukuta wa watu, na mara ya pili nikamwambia, "Mama, jikaze, nina mapishi." Mimi nilikuwa nimebeba pochi tu.

Tulipofika, alilitua gunia karibu na jiko. Vumbi jeusi lilikuwa limechanganyika na jasho likamshuka mpaka shingoni. Nikampa faranga elfu moja na mia tano.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Malipo yako, mama."

"Mutoto wangu! Na hiki kilima? Hii ni kazi ya elfu nne. Uliza watu wote."

"Tulipatana elfu nne? Ulinisikia nikitaja elfu nne?" nikapandisha sauti. Thierry, kijana wa jirani, alikuwa akicheza mpira na wenzake pale uani. Wakaacha mpira, wakaja kusimama nyuma yangu.

"Lo! Sabine amembana!" Thierry akasema, na wote wakacheka.

Mama Consolate alitazama gunia. Alitazama njia tuliyopanda, kisha akawatazama wale vijana mmoja mmoja. Hakuwa na la kufanya. Gunia asingeweza kulirudisha mgongoni peke yake, na hata angeweza, angelipeleka wapi? Akazikunja zile noti, akaomba maji ya kunywa. Nikampa kikombe kilichojaa, tena kwa mikono miwili, nikajiona nina roho nzuri kweli.

Mchana Baba alirudi. Nilimwekea ugali na ndagala, na kando ya sahani nikapanga noti zilizobaki.

"Baba, nimekuokolea elfu mbili na mia tano!"

"Umefanyaje?"

Nikamsimulia yote, kwa mikono na kwa sauti. Nikamwonyesha nilivyosema "tutaelewana", mama wa watu alivyoshangaa, vijana walivyocheka, na jinsi nilivyompa maji. Nikangoja Baba naye acheke.

Tonge lilibaki mkononi mwake. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Ni Baba mwenyewe," nikasema. "Kila siku unatusimulia."

Nimeshamwona Baba akikasirika mara nyingi, na hasira yake naijua. Siku hiyo hakukasirika. Alilirudisha tonge kwenye sahani, akatazama mlangoni.

"Kila siku najiuliza wale watu wamelelewa katika nyumba gani," akasema polepole. "Kumbe mmoja namlea minye."

Masikio yaliniwaka moto.

"Huyo mama amekwenda wapi?"

"Runingu. Mtoto wake ni mgonjwa. Alikuwa akitafuta nauli ya kumpelekea dawa."

"Hayo ulijua kabla ya kumlipa, ama baada?"

Nilitamani sana kusema baada. "Kabla," nikasema.

Baba alinawa mikono. Chakula kilibaki vilevile.

Tulikwenda kwa pikipiki mpaka mahali ambapo magari ya bondeni hupakia. Kijana anayeita abiria alimkumbuka: mama mwenye vumbi la makaa shingoni aliuliza nauli, akaambiwa pesa zake hazitoshi, akaondoka kwa miguu. Tukafuata barabara. Tulipoipita Kavimvira, nikaona kitenge cha njano mbele yetu. Alikuwa akienda mwendo wa haraka, mfuko wa dawa mkononi.

Baba akasimamisha pikipiki. "Shuka. Sema weye. Minye sina cha kusema."

Watu wawili wenye baiskeli walisimama kututazama.

"Mama Consolate," nikasema, "nilikupunja. Nilijua bei ni elfu nne, Baba alikuwa amenipa zote. Nisamehe." Nikamnyooshea zile elfu mbili na mia tano.

Alizipokea, akazihesabu mbele yetu bila haraka. "Ni sawa," akasema.

Nikatoa na mia tano yangu mwenyewe, niliyokuwa nimeiweka ya kununulia mandazi shuleni. "Na hii, mama, ni matabishi yako." Matabishi ni ile nyongeza tunayompa mtu aliyetufanyia kazi vizuri.

Hakuigusa. "Matabishi inatoka kwa mutu aliyefurahia kazi. Weye unataka aibu ikutoke. Hiyo siwezi kukubebea, mutoto wangu."

Mkono wangu ulibaki hewani, na wale wenye baiskeli wakitazama. Nikairudisha mia tano mfukoni.

Baba alivua kofia yake ya pikipiki. "Mama, panda nikufikishe Runingu. Sisi ndio tumekuchelewesha, kwa hiyo nauli iko juu yetu."

"Hapo nakubali," akasema Mama Consolate. "Mumenichelewesha kweli."

"Na mimi, Baba?" nikauliza.

"Weye uko na miguu."

Wakaondoka. Nilirudi kwa miguu hadi Rugenge, na kwenye kilima chetu nilisimama kupumzika mara tatu bila mzigo wowote.

Baba alirudi jua likiwa bado halijazama. Mtoto alikuwa amemeza dawa, amelala. Baba akaniita nikae karibu naye.

"Sabine, minye pia nina kosa. Nilikuwa nikilalamika tu, sikukuambia inavyopasa kufanya. Sasa sikia. Bei inatajwa wakati mzigo bado uko sokoni, kwa sababu pale mtu anaweza kukataa. Akishautua kwako hana nguvu tena, kazi yake umeshaichukua. Akifika, mpe yote, hata kama hakuna mtu wa kumtetea. Matabishi ni juu ya malipo yake, haikai mahali pa malipo. Na jasho la mtu hatulilipi kwa kikombe cha maji. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba." Kisha nikauliza, "Mama Consolate amesema nini juu yangu?"

"Amesema mizigo yetu ataendelea kuibeba. Ila bei atapatana na minye. Kwa weye hapana."

Nililia hapo hapo mbele yake, na Baba hakuninyamazisha.