Bendera Isiyokauka

Ilianza na bendera moja kukataa kukauka. Jua la Julai hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, lile linalokausha samaki wa ndagala kabla ya saa sita, lilipiga kamba ya nguo ya Clarisse mchana kutwa, na ile bendera ya njano na bluu ikaendelea kudondosha maji. Ilinuka matope ya chini ya ziwa.

Clarisse alikuwa anajifunza kusoma bendera za meli. Bandari ilitafuta mtu mmoja wa kupokea meli kwa ishara, na mtihani ulikuwa Ijumaa, ndani ya mtumbwi wa injini, katikati ya maji. Walioomba ni wanaume wanne, na yeye. Mwalimu Patrice, mwanamaji mstaafu, aliwaambia kila mtu ajishonee zake. Clarisse akakata vikwembe vyake vya zamani, akaishiwa na nyekundu kabla ya kushona ile ya mistari mitano, inayosema “ndiyo”.

Kosa lilikuwa kwenye kamba. Sisi nguo tunaanika ndani nje, jua lisile rangi. Sasa bendera ndani yake iko wapi? Pande zote mbili zinasema. Akazifua, akazianika zinatazama ziwa, na ya mbele kabisa ilikuwa ya njano na bluu, ambayo maana yake ni: nataka kuongea na wewe.

Akajibiwa.

Kesho yake mchana, bila upepo, bendera zote zilikuwa chini zimekunjwa vizuri. Imebaki moja juu, nyekundu na njano: mtu ameanguka majini. Kando yake ilining'inia blauzi ya Clarisse ya kwaya, iliyokuwa sandukuni na kufuli juu yake. Inadondosha maji.

“Zichome,” shangazi yake Marthe akanong'ona. “Mutoto wangu, zichome, na Ijumaa usitoke.”

“Nikibaki, kazi iende kwa nani kati ya wale wanne? Dany? Dany anasoma bendera kama mbuzi anasoma Biblia.”

“Ile kitu imekuita na nguo yako.”

“Mi ndiye nilianza kuiita, shangazi. Basi mi ndiye nitaijibu.”

Mchungaji akaja, akaomba, akatoka viatu vimejaa maji. Alisema atarudi, na mpaka leo tunamngoja. Alhamisi nyumba nzima ikaanza kunuka ziwa, na kutoka mlangoni kuelekea kwenye cherehani zikatokea nyayo zilizolowa, ndefu, zisizo na kisigino, na Marthe akizipangusa zinarudi, akizipangusa tena zinarudi zimesogea karibu zaidi na kiti ambapo Clarisse alikaa anashona bila kuinua kichwa, mpaka maji yakamfika kwenye vidole vya miguu, baridi kama mtu amemshika.

Akakata uzi. Akatoka, akatundika bendera moja tu, ya miraba ya bluu na nyeupe: hapana.

“We wa chini huko, soma,” akaliambia ziwa. “Sikuanguka. Kesho nitapita juu ya kichwa yako na injini.”

Asubuhi “hapana” ilikuwa pale, kavu kama ndagala. Pembeni yake ilikuwa nyingine ambayo hakuishona yeye: bluu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, bluu, kitambaa kizee ambacho soko letu halijawahi kuuza, konokono wadogo wamo ndani ya pindo.

Marthe akakaa chini. “We umesema hapana, yenyewe inasema ndiyo. Itakuchukua tu.”

Clarisse akaitazama. Kisha akaikamua, akaipiga pasi ya makaa mpaka mvuke ukajaa nyumba, akaikunja pamoja na zake.

“Nilikosa hii tu,” akasema.

Akapanda mtumbwi nayo. Katikati ya maji injini ikazima yenyewe, wale wanaume wakashika mbao kwa mikono miwili. Yeye akasimama, akapandisha “ndiyo” kama Patrice alivyoagiza, na injini ikawaka. Kazi akapata yeye.

Kila jioni anaipiga pasi ile bendera ya ziwa. Kila asubuhi imelowa, inamdondoshea begani akiwa bandarini, na hata upepo ukitoka milimani, yenyewe inapepea kumwelekea yeye.

“Inalia,” Marthe humwambia.

“Acha ilie, shangazi. Iko ku kazi.”