Anayepapasa Mlango wa Mwandishi

Kwanza toa hicho kicheko mdomoni, ndipo ukae. Unaniangalia kama mteja aliyeuziwa kitambaa chenye tundu. Wewe umesoma, mambo ya wafu ni ya wasiojua kalamu, sivyo? Basi sikia. Huyu nitakayekutajia alikuwa na kalamu kukushinda wewe na walimu wako wote, na vitabu vyake vinajaza rafu nzima. Ukishasikia, nenda ukalale taa ikiwa imezimwa. Tutaonana asubuhi.

Palikuwa na mama mmoja fundi cherehani, watu wakimwita Sindano. Si kwa sababu ya kazi, maana mafundi wako wengi. Ni kwa ulimi. Jioni moja, giza likiwa limeingia vyumbani lakini bado halijafika barabarani, alifunika cherehani yake, akapitia kwa mchapaji jirani na duka lake, akapewa bunda la mwisho la prufu, zile karatasi zinazosahihishwa kabla kitabu hakijachapwa. Akalibana kwapani kama anayepeleka kuku sokoni, akashika njia kwenda kwa shemeji yake.

Shemeji huyo ndiye Mwandishi, kaka mkubwa wa mume wake. Riwaya zake ni za vita na majasusi, watu wanakimbizana gizani na siri zimefichwa kwenye soli za viatu. Watu wazima walizisoma chooni wakasahau kutoka. Sasa alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu, na mchapaji alitaka kuzikusanya riwaya zote katika juzuu moja nene, jina la mzee kwa herufi za dhahabu. Prufu zilipaswa kusomwa kwa sauti, yeye akisikiliza, kila nukta na kila mkato utajwe. Alileta vijana wenye shahada zao. Hakuna aliyedumu. Mmoja alikimbia akaliacha hata koti. Ndipo mzee akakumbuka kwamba ana shemeji anayejua kusoma.

Sindano alikuwa na elimu yake ya msingi tu. Alisoma kidole kikiwa chini ya neno, kama anayefuata mshono. Na hakuwa amewahi kugusa kitabu cha shemeji yake hata kimoja. Cha kwanza alisomewa na mtaa mzima.

Kwa maana mume wake, ambaye nyumbani kwao walimwita Mdogo, alipotea usiku ule adui alipoingia mjini. Maiti haikuonekana, kaburi halikuonekana. Vita vilipokwisha, Mwandishi akatoa riwaya yake ya kwanza. Ndani yake mna msaliti: mwembamba, anachechemea kidogo, amevaa pete ya shaba. Anakuja usiku mlangoni kwa wenzake na kunong'ona, "Usiogope, niko peke yangu." Kumbe nyuma yake gizani wamesimama maadui na bunduki zao. Mwenye nyumba ana busara, hafungui. Msaliti anafia hapo hapo kizingitini.

Na mji ule ulikuwa na mwembamba mmoja tu anayechechemea na kuvaa pete ya shaba.

Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Binti yake akaachwa na mchumba. Mpaka leo binti huyo akiulizwa jina la baba, hutaja la babu.

Kwa hiyo shemeji alipokuja kumwomba amsomee, Sindano alitoa sharti moja: yule msaliti afutwe. Kitabu kiseme kwamba Mdogo hakuuza mtu. Hakutaka shukrani wala nauli. Mwandishi akakubali haraka mno. Akasema waanze na riwaya za baadaye, ile ya kwanza waiweke mwisho, wakiifikia ataibadilisha. Na jioni hii ndiyo iliyokuwa zamu ya riwaya hiyo.

Alimkuta amekaa pale pale pa siku zote, kwenye kiti kilichoelekea mlango, fimbo magotini. Mlango ule ulikuwa na komeo kubwa la chuma, zito kuliko mlango wenyewe. Sindano akalisukuma nyuma yake kama alivyoagizwa tangu siku ya kwanza, akawasha taa ya mezani, akavaa miwani. Kando ya karatasi ilikuwapo ile kalamu nyekundu aliyokabidhiwa. Alichosahihisha yeye, mchapaji angekifuata bila kuuliza.

"Umechelewa, shemeji," Mwandishi alisema.

"Wewe umechelewa tangu vita viishe, na hakuna aliyekusema."

Akaanza kusoma.

Jioni zilizotangulia alikuwa ameona jambo. Kila riwaya, hata ile inayotokea kwenye meli, hata ile ya hospitali ya majeruhi, ilikuwa na mtu anayekuja mlangoni akanyimwa kufunguliwa. Anakufa, mambo yanaendelea. Na kila alipofika hapo, chumba kilibadilika harufu. Koti la sufi lililolowa. Mafuta ya bunduki. Mwandishi angegonga fimbo chini na kusema endelea, endelea. Sindano alijiambia nyumba ya mwanamume asiyeoga vizuri hunuka hivyo.

Sasa akafika kwenye mlango wa riwaya ya kwanza. Kidole kikatembea chini ya maneno.

"Hakugonga nukta. Aliupapasa mlango kwa kiganja mkato kama mtu anayetafuta swichi gizani mkato kisha akagusa mbao kwa pete mkato mara moja tu nukta."

Kidole kikasimama.

Hivyo ndivyo Mdogo alivyokuwa akirudi kwake usiku, ili mtoto asiamke. Mlangoni kwake tu, na usiku tu. Mchana alipiga kelele kama watu wengine. Hapakuwa na binadamu mwingine aliyejua kupapasa kule.

"Shemeji," akasema polepole. "Hii uliipata wapi?"

"Ni ubunifu. Soma."

"Ulimsikia wapi akipapasa?"

Mzee akagonga fimbo chini. Harufu ilikuwa imeshaingia. Safari hii ilikuwa nzito, ya kukaba.

Na nje...

Shwaaa. Shwaaa.

Kiganja juu ya mbao.

Kisha, ko.

Nywele za Sindano zikasimama chini ya kitambaa. Mwandishi alikuwa amekunja shingo ndani ya mabega kama kobe. "Usinyamaze," akanong'ona. "Soma mpaka afe. Akifa kwenye karatasi, huondoka."

"Nani?"

"Unamjua."

Ndipo maneno yakamtoka, kwa vipande. Usiku ule Mdogo alikuja hapa. Alikuwa akikimbizwa. Alipapasa, akagusa kwa pete, akasema yuko peke yake. Na kaka mtu akashika komeo kwa mikono miwili, akalikandamiza, mpaka nje pakawa kimya. Tangu hapo kila magharibi mlango ulipapaswa. Akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia aliyedhulumiwa hawezi kuvuka kizingiti anapotangazwa kuwa mkosaji. Mtangaze, alisema. Kwa sauti, watu wasikie, na usichoke.

Hakuchoka. Kila kitabu kilikuwa komeo. Kila kilipochakaa sokoni, akatoa kingine. Na hili juzuu nene la herufi za dhahabu ndilo lingekuwa komeo la mwisho, la kumlinda hata akishindwa kuandika.

"Ningefungua tungekufa sote," alisema.

"Hukufungua, ukaishi. Nawe umeishi vizuri?"

Shwaaa. Shwaaa.

"Uliniahidi utambadilisha," Sindano alisema.

"Nilisema hivyo ili usome."

Mama yule hakupiga kelele. Aliitazama karatasi muda mrefu, kama anavyotazama nguo iliyokatwa vibaya na fundi mwingine. Kisha akachukua kalamu nyekundu. Mzee hakuona, lakini alisikia ncha ikikwaruza.

"Unaandika nini?"

"Nasahihisha."

Akainua karatasi karibu na taa, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani. "Mwenye nyumba alimtambua ndugu yake nukta. Akasimama mkato akavuta komeo mkato akamfungulia nukta."

"Haikuandikwa hivyo!"

"Sasa imeandikwa."

Kisha komeo likasogea. Lenyewe. Taratibu, kwa mlio wa chuma kilichosahau kazi yake.

Mlango ukafunguka.

Sindano hakuona uso. Taa ilikuwa imenywea, ikabaki kijicho chekundu. Aliona koti linalodondosha maji, na mguu mmoja ukiburuzwa kidogo. Miaka yote ile ya kulala upande mmoja wa kitanda, alikuwa ameyaweka tayari maneno ya kumwambia. Yalikuwa makali, na mengine hayakuwa makali. Akafungua mdomo.

Yule akawahi.

"Usiogope," alisema. "Niko peke yangu."

Sauti ilikuwa ya Mdogo. Lakini ilitamka vile vile ilivyopigwa chapa, bila kupungua neno wala kuongezeka. Na nyuma yake, uani, zikasikika hatua. Si za mtu mmoja. Viatu vizito vya watu wengi, vikipanga mstari.

Hapo Sindano akaelewa, na uchungu ukampanda hadi kwenye meno. Mtu akisemwa msaliti katika vitabu vyote vile, na watu wote wale wakasoma wakaamini, hata mauti hayamwachi alivyokuwa. Mume wake ndiye aliyefungiwa nje. Aliyeingia sasa, nani ajuaye kama ni mume wake, au ni yule wa kaka yake, wa karatasi na wino? Alikuwa amefungua mlango. Hakujua amemfungulia nani.

Akavua miwani, akaitia mfukoni. Akatembea kuelekea mlangoni, kwa maana hapakuwa na mlango mwingine. Wale wenye viatu vizito, sasa wameshaingia na makoti yao yaliyolowa, wakampisha huku na huku. Baridi yao ilimpita mifupani. Alipofika sambamba na yule wa kwanza, anayechechemea, kitu kikamshika ukingo wa mkono wa gauni.

Ilikuwa pete, na kidole gumba. Kidole kikapita juu ya mshono, taratibu, mbele na nyuma, kama Mdogo alivyozoea kumchokoza zamani: hapa umeshona au umeparaza?

Akasimama. Akangoja aseme neno moja tu lisilokuwa kwenye kitabu.

Halikuja. Kidole kikaachia.

"Shemeji," Mwandishi alinong'ona kutoka kwenye kiti, fimbo ikigongagonga sakafu. "Shemeji, usiniache nao. Nisomee. Nisomee basi mwisho."

"Mwisho ni wako," Sindano alisema. "Uliuandika mwenyewe mara nyingi."

Akavuka kizingiti, akatoka nje, akaufunga mlango.