Aliyeitikia Ndani ya Kontena

Asubuhi ile Danieli alikunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha nyumbani kwake mtaa wa Rahaleo, akamuaga mkewe Lucy, akaenda bandarini kama siku zote. Ndivyo Lucy mwenyewe alivyotusimulia sisi majirani zake. "Leo nitarudi mapema," alimwambia. Tangu hapo hajasikia tena neno kinywani mwa mumewe.

Danieli alikuwa wakala wa forodha. Mtu akikwamiwa na mzigo, alimtafuta yeye. Na ndiye aliyemfundisha kazi Nasra, binti wa mtaa wa Chuno, tangu hajui kontena linaingiaje wala linatokaje. Kisha Nasra akafungua ofisi yake. Wateja wakamfuata mmoja mmoja, kama kuku wanaofuata mtama. Hospitali ya misheni ilipompa Nasra kazi ya kutoa vitanda vya wodi ya wazazi, kazi ambayo Danieli alishaihesabu kuwa yake, wivu ulimshika. Akisikia Nasra akisifiwa, kifua kinamuwaka.

Akapanda pikipiki hadi kijiji cha Mpapura, kwa mganga mmoja wa kike aliyeitwa Somoe.

"Unataka afe?" Somoe alinong'ona.

"Hapana. Mzigo wake tu. Usitoke."

Somoe akamkabidhi unga mweusi uliofungwa kwenye kipande cha kaniki. "Paka mlangoni kwa kiganja. Ukishaanza, usimwitikie mtu. Ukiitikia, utaacha kitu humo."

Ndipo ikafika siku ile. Adhuhuri, makuli walipokwenda kula, Danieli alipenya katikati ya makontena akalifikia la Nasra. Akapaka. Bati lilikuwa linachoma kwa jua, lakini kila alipopitisha kiganja lilipoa kama samaki aliyetoka kwenye barafu.

"Shikamoo, mwalimu wangu!"

Nasra alikuwa nyuma yake, anatabasamu, hana habari. Amemletea maji ya kunywa.

Danieli alijing'ata ulimi. Adabu ikamshinda. Mtu amekuamkia, utanyamazaje?

"Marahaba."

Midomo ilicheza. Sauti haikutoka.

Alasiri ofisa wa forodha alikuja kukagua. Akakata sili iliyofunga mlango, akazungusha komeo. Mlango haukusogea. Makuli wakavuta kwa pamoja hadi mishipa ikawatoka shingoni. Wapi! Kuli mmoja mpenda utani akagonga bati.

"Hodi humo! Shikamoo!"

"Marahaba," likajibiwa kutoka ndani.

Kuli alirudi kinyumenyume. Sauti ile wote waliijua. Wote wakageuka. Danieli alikuwa amesimama palepale nyuma yao, ameshika koo, mdomo wazi.

Nasra alisogea mlangoni. Alinong'ona, "Mwalimu? Uko wapi?"

"Huku. Kuna giza. Na siko peke yangu."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka wenyewe. Polepole.

Hakukuwa na mtu. Vitanda tu, vimepangwa, kila kimoja na nailoni yake. Kasoro kimoja. Nailoni yake ilikuwa imechanwa, na godoro limebonyea. Nasra aligusa pale palipobonyea. Palikuwa na joto.

Danieli akapiga magoti mbele yake, analia bila sauti. Akamwonyesha kiganja kilichojaa weusi, kisha akaonyesha mlango. Nasra akaelewa. Hakupiga kelele.

"Ungeniambia tu, mwalimu," alisema. "Kazi hii tungeifanya wote."

Lucy alimpeleka mumewe Mpapura. Somoe hakufungua mlango. "Nilimwonya," alisema kwa ndani. Wakaenda kwa padri, wakaenda hospitali. Mpaka leo Danieli hasemi. Hukaa barazani, na ukimpita hugeuza uso, usije ukamsalimia.

Vitanda vilifika wodini. Kile kilichobonyea akina mama walikikataa. Kila aliyelazwa hapo alisema hana nafasi ya kujigeuza. Kikafungiwa stoo. Muuguzi Doris, anayeshika ufunguo, anasema kila akifungua asubuhi hukuta nyayo mbichi kwenye sakafu ya saruji, zinatoka kitandani hadi ukutani. Za kurudi hazipo.

Nyayo ni za watu wawili. Mmoja ni mtu mzima, mguu wake sawa na wa Danieli. Wa pili, huyo aliyekuwa naye kontenani, ana miguu midogo, kama ya mtoto anayejifunza kutembea.