Mama Alipojibu "Sijambo"

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifua nepi, akazianika, kisha akampelekea mama yake chai. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Lakini tangu mdogo wake azaliwe, hata yeye alikuwa amenyamaza. Jioni aliikuta chai ile ile mezani, imepoa, na mama, fundi cherehani hodari, ameketi akitazama ukuta. Mtoto alipolia, mama alimnyonyesha bila kumwangalia.

"Uchovu wa uzazi tu," alisema bibi, mama mzaa baba. "Na ya nyumbani hayatoki nje. Umesikia, wewe domo?"

Likizo ilipofika, Chiriku aliwasindikiza mama, bibi na mtoto kliniki. Muuguzi alimpima mtoto, akasema anakua vizuri, kisha akamgeukia mama.

"Haya tunawauliza kina mama wote waliojifungua. Unalala vizuri?"

"Vizuri."

"Unajisikia kulia, au kukata tamaa?"

Mama akamtupia bibi jicho. "Hapana. Sijambo."

Alijibu kama watu wanavyojibu salamu. Hata nyumba ikiungua, kwanza utasema nzuri. Muuguzi akaandika kwamba hana tatizo, maana foleni nje ilikuwa ndefu, na bibi akainuka.

Chiriku hakuinuka. Wakitoka pale, nani atauliza tena?

"Mama halali!" akasema. "Hata mtoto akilala, yeye halali. Jana aliniambia nimlee mdogo wangu, eti yeye hafai kuwa mama."

"Mtoto huyu ana adabu kweli?" bibi akafoka.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Bibi, naomba unisubirie nje na wajukuu."

Kupitia mlango uliofungwa walimsikia mama akilia. Alilia sana. Bibi alimpakata mtoto, akimbembeleza.

"Mimi nilipomzaa baba yako," akasema hatimaye, "hakuna aliyeniuliza."

Mlango ulipofunguliwa, muuguzi aliwaita ndani. "Nilikosea kumuuliza mbele ya watu," alisema. "Huu ni ugonjwa, si uvivu wala aibu. Maswali yangu hayamponyi mtu. Ni kupiga hodi tu. Atakuja kwa mshauri kila wiki, na haitakuwa haraka. Siku nyingine zote, ninyi ndio mtakaopiga hodi. Nawe Chiriku, kumwambia anayeweza kusaidia si umbea."

"Mficha uchi hazai," bibi akaguna. "Huyu ameshazaa, bado tulikuwa tunaficha."

Kesho yake mawingu yalikuwa mazito na cherehani ilikuwa bado imefunikwa. Chiriku alileta chai. Bibi alimchukua mtoto, akauliza, "Umeamkaje, mwanangu?"

Mama aliacha kutazama ukuta, akamgeukia.

"Vibaya, mama."

Bibi hakumkemea. Alivuta kiti, akaketi karibu yake. "Haya, niambie."