Betri Iliyopoteza Hesabu

Wajukuu zangu, habari hii ya betri nilielezwa na jirani yetu, fundi wa kompyuta, mara tu mvua za mwaka huu zilipokatika.

Binti yetu, kitinda mimba, ni mpishi melini. Hupiga simu ya video meli inapofunga gati, na siku hatuijui. Kwa hiyo laptopu aliyotuachia haikutoka kwenye chaja. Tuliogopa atatukosa.

Akipiga, naichomoa, naibeba hadi chumba cha ndani. Babu yenu amelala huko, miguu haina nguvu, na ukuta hauna soketi. Alama ya betri inasema asilimia arobaini. Babu anasafisha koo, anaanza, "Mwanangu..." Kioo kinakuwa cheusi.

"Mashine hii ina wivu," alisema siku moja.

Nikaipeleka kwa fundi.

"Inasema arobaini, halafu inazima. Mwongo mkubwa!"

Fundi akacheka. "Usiionee, bibi. Alama inarudia ilichoambiwa. Ndani ya betri kuna kifaa kidogo kinachokadiria chaji. Programu iitwayo kiendeshi inakiuliza, inaupa mfumo wa kompyuta jibu, na mfumo unaiambia ile alama."

"Kumbe ni umbea! Wa kwanza akikosea, mtaa mzima umekosea."

"Hapo hapo! Yenu imekaa mno kwenye chaja, betri imechakaa kidogo, na kile kifaa kimepoteza hesabu. Ijaze hadi mia. Ichomoe, itumike mpaka izime yenyewe. Kisha ijaze tena. Siyo kila siku, mara moja moja tu."

"Na mtoto akipiga ikiwa imezima?"

Fundi akanirudishia laptopu. "Siku hiyo mtamkosa. Amueni wenyewe."

Nikamuuliza Babu.

"Iache izime. Nimechoka kuishia kwenye 'mwanangu'."

Ilizima mchana. Nilikaa kando yake kama kando ya mgonjwa. Ilipojaa na kuwaka, tukaona: binti alipiga, hakutupata. Babu akageukia ukutani.

Tukangoja bandari nyingine.

Alipopiga tena, niliichomoa, nikaibeba hadi kwa Babu. Alama ilishuka polepole, kidogo kidogo. Babu akasema, "Mwanangu," kisha akasema yote: miguu yake, mlango unaolia, kiti cha binti ambacho hataki mtu akikalie. Binti alilia, akacheka, akajilaza kwenye kitanda chake chembamba.

"Endelea kuongea, baba. Nakusikia."

Akasinzia. Babu naye akalala katikati ya neno.

Alama ilisema kumi na nane. Safari hii niliiamini. Sikuizima. Niliwatazama wote wawili, mpaka macho yangu nayo yakafumba.