Tairi Lenye Alama za Meno

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kuitundika kwenye msumari, Chapchap aliosha vyombo vya mchana, akafagia chumba cha mbele, kisha akaichukua simu ya Mjomba na kusoma ujumbe ulioingia. Kuosha na kufagia alikufanya huku akinung'unika. Simu hakuhitaji kutumwa. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani walimwita Chapchap kwa sababu alikula haraka, alitembea haraka, na alijibu maswali kabla hayajamalizika kuulizwa.

Aliishi na mama yake, ambaye alikuwa mshonaji, na kaka wa mama, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi magari kwenye gereji ya mtaa wa nyuma. Mjomba alikuwa na rafu iliyojaa vigari vidogo vya chuma vya zamani, vyenye milango inayofunguka na matairi ya mpira. Alikuwa akivikusanya tangu utoto wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa kwa mikono yenye mafuta. Chapchap hakuelewa mtu mzima anataka nini kwa gari lisiloweza kubeba hata yai. Lakini alijua wako watu wazima wengi wa namna hiyo, na kwamba hulipana fedha nzuri kwenye soko la mtandaoni.

Mwezi huo nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Mota ya cherehani ya Mama iliungua katikati ya kazi ya mapazia ya zahanati. Fundi cherehani alikuwa ameshaweka mota mpya, ila alisema wazi kwamba mashine haitoki dukani kwake mpaka alipwe chote. Mama akawa anashona mapazia kwa mkono, vidole vimejaa alama za sindano. Mwezi ukiisha mapazia hayajakamilika, kazi angepewa mshonaji mwingine.

Jioni moja Mjomba alikishusha kigari chekundu kutoka rafu ya juu.

"Hiki ndicho chenye bei," alisema. "Kipige picha tukiweke sokoni."

"Si ndicho unachokipenda kuliko vyote?"

"Nakipenda. Dada yangu nampenda zaidi. Piga picha, usinihoji."

Akaunti ya soko ilikuwa ya Mjomba mwenyewe, ila yeye alikuwa mzito wa simu. Alitumia kidole kimoja, tena kile chenye rangi iliyokauka, kwa hiyo picha na maandishi vilikuwa kazi ya Chapchap. Alikiweka kigari juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, akakipiga picha mbele, nyuma, juu, na pande zote mbili. Kilikuwa kinang'aa vizuri. Tatizo lilikuwa tairi la nyuma, upande wa kushoto. Lilikuwa na alama za meno, na meno yenyewe yalikuwa ya Chapchap. Alipokuwa mtoto wa kutambaa alilitafuna tairi lile mpaka likaingia mashimo, na Mjomba hakuchoka kuisimulia habari hiyo kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani.

Kwenye picha ya upande huo, mashimo yale yalionekana makubwa kuliko yalivyokuwa. Utadhani tairi limegugunwa na panya, Chapchap aliwaza. Nani atalipa bei nzima kwa kitu kilichotafunwa? Akaziweka sokoni picha zote isipokuwa ile, kisha akaandika chini yazo: Hakina dosari yoyote.

"Umeweka picha zote?" Mjomba aliuliza, akisugua rangi mikononi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Zote," alijibu chapchap, kama kawaida yake.

Haikuchukua muda mrefu akajitokeza mnunuzi aliyejiita Mpenda Vya Kale. Hakuomba kupunguziwa bei wala hakuuliza maswali. Alilipa, na fedha zikabaki mikononi mwa soko, kwa sababu ndivyo soko lile lilivyofanya kazi: muuzaji hapati kitu mpaka mnunuzi apokee mzigo na kusema ameridhika. Mjomba alikivingirisha kigari ndani ya fulana kuukuu, akakitia kwenye boksi, akakipeleka ofisi ya vifurushi. Mama akamtumia fundi cherehani salamu kwamba wiki haitapita.

Wiki ilipita. Mpenda Vya Kale alipokea mzigo, kisha akaandika: "Mlango wa kulia umevunjika. Nimesikitika sana. Nirudishieni nusu ya bei moja kwa moja kwenye simu yangu, tuyamalize wenyewe bila kulisumbua soko. Na mimi nitasema nimeridhika."

Chapchap aliusoma ujumbe ule mara mbili. Mlango ulikuwa mzima. Yeye mwenyewe aliufungua na kuufunga wakati wa kupiga picha. Damu ilimchemka, na bila kumngoja mtu mzima yeyote, akajibu: "Wewe ni mwizi na mwongo. Umeuvunja mwenyewe. Huna haya."

Mjomba aliporudi na kuyaona maneno yale, alikaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

"Umemtukana."

"Ni mwizi, Mjomba."

"Huenda ni mwizi kweli. Sasa ni mwizi mwenye ushahidi kwamba tumemtukana. Na ukiona mtu anakwambia mlipane nje ya soko, ujue anaogopa macho ya soko. Ungemjibu hilo tu: tuongee hapahapa, mbele ya soko. Basi."

Mambo yalikwenda kama alivyohofia. Mnunuzi alipeleka malalamiko sokoni pamoja na matusi ya Chapchap. Msuluhishi wa soko, mama mmoja waliyemjua kwa maandishi tu, aliwapa onyo kwa lugha kavu, akasema fedha zitaendelea kushikiliwa, na kwamba mnunuzi akirudisha mzigo atarudishiwa fedha zake zote.

Siku zilizofuata zilimkera Chapchap mpaka akawa hasemezeki. Alimjibu mwalimu vibaya, akaunguza sufuria, akaisogelea simu kila dakika na kukuta hakuna kitu. Usiku Mama alilala na uzi shingoni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna mtu wa kumfokea. Huwezi kwenda kugonga mlango wa Mpenda Vya Kale. Hana mlango, hana uso, ana jina la kujipachika tu, na huko aliko labda anakunywa chai yake kwa raha zake.

Hatimaye boksi lilirudi. Mjomba hakukubali lifunguliwe ovyoovyo. Alimwambia Chapchap aishike simu na kurekodi tangu gundi ya boksi haijabanduliwa, na Mama akaacha sindano ili ashuhudie. Ndani, kwenye fulana ileile, mlikuwa na kigari chekundu. Mlango wake wa kulia ulining'inia.

Mjomba alikigeuza karibu na dirisha. Hakuangalia mlango kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye tairi la nyuma, upande wa kushoto, akasimama hapo.

"Chapchap," alisema, "meno yako yamekwenda wapi?"

Tairi lilikuwa zima. Halikuwa na shimo hata moja. Mama alikichukua kigari, naye akalitazama tairi.

"Hiki si chetu," alisema. "Huyu mtu alikuwa na kibovu cha kwake, akabaki na kizuri chetu, akaturudishia takataka. Tumepigwa changa la macho mchana kweupe."

Lakini Mjomba alikuwa ameanza kutabasamu, kwa mara ya kwanza tangu kisa kianze. "Hajui amejifunga mwenyewe. Mtumie msuluhishi ile picha ya tairi uliyoiweka sokoni. Aiweke pembeni ya hili. Shauri limekwisha."

Chapchap aliishika simu bila kubonyeza kitu.

"Nini tena?" aliuliza Mama.

"Sikuiweka," alisema Chapchap. "Picha ninayo kwenye simu. Lakini sokoni sikuiweka. Niliona itatuharibia bei. Niliandika hakina dosari. Na nilikudanganya, Mjomba. Uliniuliza, nikasema nimeweka zote."

Tabasamu la Mjomba lilizimika. Aliondoka akaenda kusimama mlangoni, akawapa mgongo. Chapchap angependa kupigiwa kelele. Kelele angeziweza.

"Tukiipeleka picha hiyo sasa," Mjomba alisema bila kugeuka, "msuluhishi ataona kigari hiki si chetu. Papo hapo ataona na sisi tulimficha mnunuzi ubovu tunaoujua. Huyo tapeli alilalamika kwamba mzigo haufanani na maelezo. Alikuwa anadanganya kuhusu mlango. Kuhusu maelezo, sisi ndio tuliomfanya awe mkweli."

"Basi tusiipeleke," alisema Chapchap haraka. "Tuseme tu mlango ulikuwa mzima. Picha ya mlango iko sokoni."

"Atasema ulivunjika njiani. Nani atampinga?" Mjomba aligeuka. "Bila lile tairi hatuna kitu."

Mama aliichukua simu, akampa binti yake mkononi.

"Andika kama ilivyokuwa," alisema. "Mimi nimeshona kwa mkono siku zote hizi kwa kungoja fedha halali. Sitaki cherehani irudi hapa kwa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Andika, na usikimbie. Nitakuwa nasoma."

Ile ilikuwa barua ngumu kuliko zote alizowahi kuandika. Mara nne alianza na habari za wizi wa mnunuzi, na mara nne Mama alimwambia afute aanze na lake. Mwishowe aliandika kwamba yeye ni mtoto wa nyumba, ndiye aliyepiga picha na kuandika maelezo, kwamba tairi la nyuma lilikuwa na alama za meno naye aliificha picha yake makusudi, na kwamba anaomba radhi kwa hilo na kwa matusi. Kisha akaweka picha ya tairi lililotafunwa, yenye tarehe ya kabla ya kuuza, na video ya boksi likifunguliwa. Mjomba aliisoma yote, akabonyeza kitufe cha kutuma kwa kidole chake chenye rangi.

Jibu lilichukua siku kadhaa. Msuluhishi aliandika kwamba kigari kilichorudishwa si kile kilichouzwa, kwa hiyo mnunuzi harudishiwi fedha, na akaunti yake imefungwa. Chapchap alikuwa ameshasimama kushangilia alipoona maandishi yanaendelea. Muuzaji naye alitoza bei ya kitu kisicho na dosari ilhali aliijua dosari. Kwa sababu hiyo robo ya bei inaondolewa na kurudishwa kwa mnunuzi.

"Kwa mnunuzi?" Chapchap akaketi tena. "Yaani ameiba kigari, halafu anapunguziwa bei? Hiyo ni haki gani?"

"Mimi pia inaniuma," alisema Mjomba. "Lakini wa kumlaumu kwa hiyo robo si yeye."

Chapchap alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, akalia kwa hasira. Mpenda Vya Kale alimkasirisha, msuluhishi alimkasirisha, lakini alipojaribu kuwalaumu hao wawili, kila mara alirudi kwenye maneno yale aliyoandika mwenyewe.

Fedha zilizobaki hazikumtosha fundi cherehani. Mjomba aliifuata tena rafu, akashusha kigari cha buluu chenye kioo cha pembeni kilichopinda, akakiweka juu ya kitambaa cheupe. Safari hii Chapchap hakuambiwa afanye nini. Picha ya kwanza aliyopiga ilikuwa ya kile kioo, kwa karibu kabisa, na chini yake akaandika: Kioo cha kulia kimepinda. Mengine yote mazima. Akamngoja Mjomba asome kabla ya kuweka. Mwanamke mmoja aliuliza kama kioo kinaweza kunyooshwa bila kukatika. Chapchap akamjibu kwamba hawajui na hawajajaribu. Mwanamke huyo akalipa, akapokea, akasema ameridhika.

Cherehani ilirudi nyumbani ikiwa imefungwa kwa kamba juu ya mkokoteni, na mapazia ya zahanati yalikamilika mwezi haujaisha. Nyumba ikapata tena kelele yake. Chapchap alifagia vipande vya uzi bila kunung'unika, ila alipofika kwenye rafu alisimama. Kwenye nafasi ya kigari chekundu Mjomba alikuwa ameweka kile cha tapeli, ambacho mwenyewe hakukifuata tena. Mlango wake ulikuwa umeshatengenezwa.

"Hiki kinanichefua," alisema. "Kwa nini unakiweka hapa?"

Mjomba alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Ili ukione. Vigari vyekundu vya aina ile vilitengenezwa vingi, na mtu akitaka kukubadilishia, atakubadilishia. Rangi inafanana, milango inafanana. Katika vyote hivyo, chenye meno yako kilikuwa kimoja tu. Tapeli hakuwa na njia ya kuliiga lile tairi. Lile tairi ndilo lilikuwa shahidi wetu, Chapchap, na wewe ulimfungia mlango kwa sababu uliona sura yake mbaya. Siku nyingine, kitu chenye ubovu kiseme kina ubovu, tena mapema, kwa mdomo wako mwenyewe. Mnunuzi mwema atakuamini, na mbaya hatakuwa na pa kukushika."

Chapchap alifungua mdomo ajibu. Akaufunga, akafikiri kidogo.

"Na mimi nilikipenda," alisema. "Sikujua mpaka kilipoondoka."

"Najua," alisema Mjomba. "Kwani ni nani mwingine aliyewahi kukila?"

Nyuma yao Mama alicheka, na cherehani ikaendelea.