Magauni Yasiyochukuliwa

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajafika, Fundi alipangusa vumbi magauni matatu. Yalitundikwa kwenye kamba nyuma ya duka lake la ushonaji: moja jekundu, moja la maua, moja la kijani. Wenyewe walipimwa, wakarudi kujaribu, kisha hawakuonekana tena. Wote watatu walizikwa.

Lo, magauni yale! Cherehani ikinyamaza, yenyewe yanayumba. Taratibu, mbele na nyuma, wala upepo hamna. Mteja mmoja aliwahi kusema, "Fundi, nguo hizi zinapumua." Wenzake wakacheka, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyekaa karibu nazo.

Fundi alijua kilichowaua. Utepe wa kupimia humwambia fundi jambo ambalo mtu hajamwambia hata mumewe. Viuno vile vilipanuka, kisha vikapungua ghafla, na Fundi akanyamaza. Ufundi una mwiko wake: fundi huona, fundi hasemi. "Yangu mimi ni nguo," alizoea kusema, tena kwa kujivuna.

Jumatatu ile, magauni yalikuwa manne.

La nne lilikuwa la bluu. Lilikuwa la mdogo wake, mama wa watoto watatu, aliyekaa naye nyumba moja. Jumamosi Fundi alilikunja akaliacha mezani. Leo linaning'inia na ya marehemu, na pindo lake linatikisika.

Mara mdogo wake akaingia na chupa ya chai. Alitembea akishika ukuta.

"Hebu simama nikupime," Fundi akasema.

"Si ulinipima, Dada?"

"Simama."

Utepe ukazunguka. Wiki mbili zilizopita, inchi thelathini na nne. Leo thelathini na mbili. Na mwili ulikuwa wa moto hata kupitia nguo.

"Umefanya nini, mdogo wangu?"

Machozi yakamtoka. Alipojifungua mtoto wa mwisho, daktari alimwambia moyo wake umechoka. Mimba nyingine ingeweza kumuua. Alitumia njia ya uzazi wa mpango, lakini mimba ikaingia. Akaenda hospitali. Sheria ya nchi iliruhusu mimba itolewe tu kama maisha ya mama yamo hatarini, tena madaktari wawili watie saini. Hospitali ilikuwa na daktari mmoja.

"Wakaniambia nisubiri wa pili, atakuja mwezi ujao. Nikaenda tena, wakasema mwezi ujao. Nikanunua dawa kichochoroni. Natoka damu tangu Alhamisi."

"Na hospitali hukurudi?"

"Watanifunga, Dada. Heri nifie nyumbani."

Nyuma yake kamba ikalia, kwii, kwii. Akageuka. Magauni manne yalikuwa yanayumba pamoja. Hapo hofu ikageuka hasira, na ule mwiko wa ufundi akautupa nje. Akakimbilia mlangoni.

"Jirani! Jirani wee, njoo!"

Nesi, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa anafua. Alifika na mapovu mikononi, Fundi akamweleza yote.

"Unabadilisha pedi ngapi kwa saa?" akamuuliza mgonjwa.

"Mbili. Tangu alfajiri."

"Basi hapa hakuna kukaa. Fundi, tafuta gari."

"Na polisi?" mgonjwa akanong'ona.

Nesi akamshika mkono. "Nisikilize, mwanangu. Sheria yetu ni kali, lakini haimkatazi daktari kumtibu anayetoka damu. Mimba iwe imetoka yenyewe, iwe imetolewa, matibabu ni haki yako. Mwambie daktari ulichokunywa ili akutibu sawasawa. Damu nyingi, homa, tumbo kuuma sana, kizunguzungu, uchafu wenye harufu mbaya: ukiona hata kimoja, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Hospitali walimsafisha kizazi, wakamwongeza damu, wakampa dawa za kuua vijidudu. Daktari alimwambia Fundi, "Mngesubiri mpaka jioni..."

Siku ya nne, mgonjwa alikaa kitandani akanywa uji. Akasema, "Dada, gauni nililitundika mimi. Nilichukua ufunguo Jumapili. Niliona kamba ina nafasi yangu."

Fundi alilia mbele ya wodi nzima, bila kujificha.

Nesi akangoja anyamaze. "Kamati ya bunge inakuja kusikiliza maoni kuhusu sheria hii. Twende tukaseme."

"Mimi? Mimi si mwanasheria!"

"Wanasheria wapo tele. Mwenye magauni ni wewe."

Fundi akaenda kwanza kwa mama za wale marehemu, akawaomba ruhusa. Wote wakakubali.

Siku ya kikao, akayaweka magauni matatu kwenye viti vitatu vya mbele. Feni zilikuwa zimezimwa. Hata hivyo mapindo yalitikisika, na mjumbe mmoja akasogeza kiti chake nyuma.

"Mama, wenye nguo wako wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Wamezikwa, mheshimiwa. Sheria ikibana mno, watu hawaachi kutoa mimba, wanajificha. Tunaomba saini ya daktari mmoja itoshe. Na mwanamke aambiwe haki yake kabla hajakimbilia kichochoroni."

Mwenyekiti akatazama karatasi yake. "Hapa mmeandika magauni manne."

Nyuma ya ukumbi mtu akasimama, amevaa bluu.

"La nne ni langu," akasema. "Nimelivaa."

Mwaka uliofuata saini ya daktari mmoja ikatosha, na tangazo la haki ya matibabu likabandikwa kwenye ukuta wa hospitali. Sheria bado ni kali, na Fundi na Nesi bado wanaenda vikaoni. Siku hizi utepe ukimwambia Fundi jambo, Fundi hufunga mlango na kuuliza kwa upole, "Mwenzangu, uko salama?"

Magauni matatu bado yapo kwenye kamba, na cherehani ikinyamaza bado yanayumba. La nne halijaongezeka.